Maoni ya Kadi Namba Kumi na Mbili

Saa saba mchana maktaba ile hujaa kuliko stendi ya mabasi. Wafanyakazi wa ofisini huja kukimbia jua, wanafunzi huja kukimbia walimu, na wapo wanaokuja kusinzia tu, gazeti limewafunika uso. Mchana huo, mbele ya meza ya mkutubi, mikono miwili ilikishika kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja uliokubali kuachia.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa karani wa mahakama, dada mwenye vidole vyembamba vilivyozoea kupiga chapa maneno ya watu wengine tangu asubuhi hadi jioni. Alivaa blauzi nyeupe, sketi ya kijivu iliyopigwa pasi ikatii, na viatu vya kisigino kifupi, maana korido za mahakama hazina huruma na visigino virefu. Mkono wa pili ulikuwa na alama ya grisi kwenye kidole gumba. Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu ndani ya ovaroli ya buluu, bisibisi inachungulia mfukoni, macho yake mapole kuliko umbo lake.

"Kaka, hiki kitabu nimekiona mimi kwanza."

"Sikatai, dada. Umekiona. Mimi nimekishika."

"Unataka tufikishane mahakamani?"

"Huko sina bahati. Kila wiki nawatengenezea lifti zao, na bado kuna jaji mmoja akinikuta mle hupanda ngazi."

Karani aliuma mdomo ili asicheke. Alimfahamu huyo jaji.

Mkutubi alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyeitwa Mama Mhuri kwa sababu alipogonga mhuri wake hata waliosinzia waliamka. Aliwatazama wote wawili kama anayepima kitambaa. "Wewe umeshakisoma," alimwambia karani. "Na wewe," alimgeukia fundi, "hii ni mara ya tatu unaongeza siku. Unasoma au unahesabu herufi?"

"Sijafika mwisho, mama," alisema fundi, na sauti yake ilishuka kwa namna ambayo karani hakuitarajia. Mkono wa karani ukaachia wenyewe.

"Chukua. Lakini uandike maoni," karani alimwambia. "Mtu anayesoma taratibu hivyo lazima ana la kusema."

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya kesi, na mji mzima ulikuwa ukikigombania. Wakili mzee anachukua kesi yake ya mwisho, kumtetea mlinzi anayeshtakiwa kumuua tajiri wake. Siku ya siku, akimhoji shahidi mkuu, wakili ananyamaza. Anasimama kimya, joho limemning'inia mabegani, mpaka shahidi anatetemeka na kukiri mwenyewe. Mwandishi hakusema kama ule ulikuwa mtego au mzee alikuwa amesahau swali lake. Basi wasomaji wakaanza kubishana, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, na Mama Mhuri akaona bora afunge daftari kwa uzi kwenye mguu wa meza yake. Kila mwenye maoni aliandika humo na kuweka namba ya kadi yake badala ya jina.

Kadi 203 aliandika: "Nimekisoma siku mbili mfululizo. Mume wangu amekula mkate mkavu na hajalalamika. Anasubiri zamu yake."

Kadi 51 aliandika: "Mzee alisahau. Tusidanganyane. Babu yangu alikuwa hivyo hivyo."

Kadi 340 aliandika: "Angestaafu mapema akalea wajukuu, tusingekuwa na shida hizi."

Na Kadi 88, ambaye ndiye karani wetu, aliandika kwa mwandiko ulionyooka: "Ule ni mtego. Wakili mkubwa hasahau. Anayesema alisahau hajawahi kumwona wakili mkubwa akiwa kazini. Mimi nimemwona."

Na kweli alimwona. Mwaka wake wa kwanza mahakamani, vidole vikiwa bado vizito, kulikuwa na wakili mmoja mwenye mvi ambaye kila alipomaliza sentensi alimtupia jicho yule karani mgeni, akamsubiri amalize kuandika, ndipo akaendelea. Mawakili wengine walikimbia na maneno yao kama wanaofukuzwa. Yule alisubiri. Siku moja, katikati ya kumhoji shahidi, alinyamaza dakika nne nzima. Jaji alipomuuliza kama ana swali, alisema kwa utulivu: "Mheshimiwa, naomba ukimya huu uingie kwenye kumbukumbu. Ukimya nao ni jibu, na jibu lolote litolewalo mbele ya kizimba lina haki ya kuandikwa." Shahidi akaanza kulia, akasema alidanganya. Karani aliandika yote huku vinyweleo vimemsimama. Baada ya miezi michache wakili yule hakuonekana tena. Wengine walisema amehama, wengine walisema amefariki. Miaka tisa ilipita, na kila karani huyu alipochoka na kazi, aliukumbuka ule ukimya, akavuta kiti akaketi sawasawa.

Siku tatu baada ya ugomvi wa kitabu, alifungua daftari akakuta maoni mapya. "Kadi 88 alikuwa amekaa umbali gani? Wakili hazeeki miguuni wala machoni. Huanza kuzeeka kwenye majina ya watu anaowapenda, na majina hayo hakuna anayemuuliza mahakamani." Chini yake: Kadi 12.

Alisoma mara tatu amesimama. Watu walimpita kushoto na kulia, mmoja akamkanyaga, hakusikia. Aliyanakili maneno yale nyuma ya shajara yake, na moyo wake ulikuwa unampiga kama wa msichana wa shule.

"Kadi kumi na mbili ni nani?" alimuuliza Mama Mhuri.

"Yule mrefu wa lifti. Usinitazame hivyo, mwanangu. Mimi nagonga mhuri tu."

Ndivyo yalivyoanza. Jumanne na Alhamisi, saa ya chakula, walikutana mezani pa Mama Mhuri, wakabishana kwenye daftari, kisha wakaenda kubishana kwenye mgahawa ulio chini ya jengo la mahakama, chai ikipoa katikati yao. Kila maoni mapya ya Kadi 12 yalimwacha karani mdomo wazi. Yalijua joho linavyokwaruza shingo wakati wa joto. Yalijua jaji anayekaribia kuamua huacha kuandika. Na mwenye kuyaandika alikuwa mtu wa utani, aliyekula mandazi mawili kwa mpigo na kumfutia kiti kabla hajaketi.

"Kadi namba kumi na mbili," alimtania siku moja. "Maktaba hii imempita mama yangu umri. Ulijiandikisha ukiwa tumboni?"

"Nilikuwa mtoto mwenye haraka."

"Haraka? Kitabu kimoja miezi mitatu?"

"Haraka niliimaliza tumboni, laazizi."

Neno hilo lilimponyoka, na wote wawili walilisikia. Karani aliinama akakoroga chai isiyo na sukari.

Simu nazo hazikukatika.

"Haloo, Themanini na Nane. Umeshakula?"

"Nimekula. Mbona sauti yako inavuma hivyo? Uko wapi?"

"Ndani ya shimo la lifti, ghorofa ya sita."

"Unanipigia simu umening'inia?"

"Nimefunga mkanda, mpenzi. Siku hizi nafunga miwili. Zamani nilikuwa sina sababu ya kurudi chini salama."

Jambo moja tu lilimkereketa. Kila walipokutana tena baada ya kazi, ilipofika saa kumi na moja jioni fundi alitazama saa, akaaga. "Nina zamu nyumbani," alisema, na hakuongeza. Nyumbani huko hakuwahi kumkaribisha. Karani alimezea. Mtu akipenda humeza mengi.

Halafu likaja Alhamisi ile. Alifungua daftari akakuta Kadi 12 ameandika juu ya ule ukurasa wa ukimya: "Ukimya nao ni jibu, na jibu lolote litolewalo mbele ya kizimba lina haki ya kuandikwa."

Karani alifunga daftari. Alirudi mahakamani, akashuka masjala, akaomba jalada la miaka tisa nyuma. Vumbi lilimfanya apige chafya mpaka machozi yakamtoka. Lilikuwepo, neno kwa neno, na chini ya ukurasa zilikuwa herufi za mwanzo za majina yake mwenyewe. Akafungua majalada mengine ya wakili yule. Joho linalokwaruza shingo lilikuwemo. Jaji anayeacha kuandika alikuwemo. Maneno yaliyomfanya ampende mtu yalikuwa ya mwingine, tena ya mtu aliyemheshimu kuliko wote, na pengine alikuwa ameshazikwa.

Mgahawani aliweka nakala mezani kabla hajaketi.

"Hii sentensi umeitoa wapi?"

Fundi aliisoma karatasi mpaka mwisho. Akaigeuza kifudifudi. "Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Nani alikupa majalada haya? Mtu aliyeyasema maneno haya nilimwona kwa macho yangu. Nimeyaandika kwa vidole vyangu. Fundi lifti hawezi kuandika hivi."

Neno lilikuwa limeshatoka. Angeweza kulifuta kwenye mashine yake ya chapa, lakini pale mezani halikufutika. Fundi alichukua kitambaa mfukoni akafuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, ingawa siku hiyo mikono yake ilikuwa safi.

"Kweli," alisema. "Fundi lifti hawezi." Akainuka, akasukuma kiti mahali pake, akaenda.

Siku kumi zilipita. Simu haikulia. Lifti ya mahakama ilipokwama alikuja fundi mwingine, mfupi, mwenye kupiga mluzi, akasema mwenzake ameomba kubadilishiwa majengo. Karani alikasirika, kisha akaona haya, kisha akakasirika tena kwa sababu ya kuona haya. Alikosea kupiga chapa jina la mshtakiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na jaji akamtazama juu ya miwani.

Jumanne Mama Mhuri alimwita kwa kidole. "Kitabu kimerudi. Zamu yako. Na yule mrefu wako alikirudisha kama mtu anayerudisha pete, hakunitazama hata usoni."

Karani alikichukua, na jioni baada ya kazi akaenda kuketi kwenye ngazi za mahakama, kwenye kivuli cha nguzo. Alikuwa na hamu ya ule ukurasa wa ukimya, amalize ubishi wake na dunia. Alipofungua, vikaratasi vilimwagika mapajani mwake. Vilikuwa vijilebo vyembamba vya manjano vya matengenezo ya lifti, na nyuma ya kila kimoja kulikuwa na mwandiko ule ule wa Kadi 12. Alianza kuviokota avirudishe. Halafu jicho likasoma, maana jicho lake limefundishwa kazi hiyo.

"Uk. 14. Baba amegonga mara moja. Nikauliza: ni jaji? Mara moja. Ni joho? Mara mbili. Nikaleta mafaili yake ya zamani, nikamsomea mpaka tukapata anachotaka. Ilituchukua saa mbili. Nimeandika daftarini kama alivyosema mwenyewe."

"Uk. 97. Leo amechoka. Kurasa mbili tu. Kidole chake kinavimba, nimempaka dawa."

Alielewa taratibu, kisha kwa mpigo mmoja. Mara moja ni hapana. Mara mbili ni ndiyo. Kulikuwa na mzee asiyeweza kusema, mwenye kidole kimoja kinachofanya kazi, na mwanawe alimsomea kitabu kizima kwa mwendo wa kidole hicho. Kadi namba kumi na mbili ilikuwa ya baba. Maoni yalikuwa ya baba. Zamu ya saa kumi na moja ilikuwa hii.

Kimoja kilikuwa na alama ya mviringo iliyochorwa kwa kalamu. "Kadi 88 amesema wakili mkubwa hasahau. Baba amefumba macho. Nimetunga jibu mwenyewe, kuhusu majina. Ni kwa sababu ya ile asubuhi aliponitazama akatafuta jina langu akalikosa, kabla kiharusi hakijamchukua ulimi. Nikamsomea, naye akagonga. Mara mbili."

Karani alifungua shajara yake, ukurasa wa nyuma, akayatazama maneno aliyoyanakili. Wakili hazeeki miguuni. Kumbe hayakuwa kwenye jalada lolote. Aliyeyaandika ni fundi lifti.

Kikaratasi cha mwisho kilikuwa na mistari minane. "Uk. 203. Wakili amesimama kimya. Baba amelia. Nikauliza: siku ile, kwenye kesi yako, ulikuwa unamtega shahidi? Mara moja. Ulikuwa umesahau swali? Mara mbili. Kuna anayejua? Mara moja. Ndiyo maana hutaki watu wa mahakama wakuone? Mara mbili. Nimeahidi."

Karani aliinua uso. Watu walikuwa wakipanda na kushuka zile ngazi na majalada yao, wakiwaza mambo yao. Miaka tisa alikuwa ameuegemea ukimya ule kama nguzo, na kumbe ulikuwa shimo, na mzee alisimama ukingoni mwake peke yake mbele ya ukumbi mzima. Alidhani ataumia. Badala yake alijaa mshangao mkubwa mpaka akashika ukingo wa ngazi. Mtu amesahau swali lake, giza limemwingia kichwani, watu mia wanamtazama, na katikati ya giza hilo anapata heshima ya kusimama wima na kuomba ukimya wake uandikwe. Hakuwahi kumwona mkubwa namna ile, hata siku ile alipokuwa amekaa hatua tano kutoka kwake. Na mwanawe alikuwa amekubali kudhaniwa mwizi mezani, mbele ya chai, kuliko kutoa siri ya baba yake.

Alipiga simu pale pale.

"Umesahau vikaratasi vyako kwenye kitabu," alisema.

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu. Halafu: "Umevisoma?"

"Vyote. Nisamehe kwa hilo. Na nisamehe zaidi kwa neno la mgahawani. Lilikuwa neno baya, na halikuwa la kweli."

"Neno limeshapita."

"Halijapita, lilikuumiza. Sikia. Siri ya mzee haitatoka kwangu. Nimetunza siri za mahakama miaka tisa. Lakini mwambie kwamba yule karani ambaye mzee alikuwa akimsubiri amalize kuandika bado yupo, na anaomba kuja kumsalimu."

"Hatakubali."

"Muulize. Usimjibie."

Alisikia hatua, mlango, sauti ya fundi ikinong'ona maneno aliyoyashika nusu nusu. Kisha kimya kirefu sana, cha kumfanya aisikie pumzi yake mwenyewe ndani ya simu. Na ndipo, mbali, kidole kikagonga ubao. Mara moja. Alianza kufunga kitabu. Halafu, polepole, kama mtu anayepanda ngazi ya mwisho, mara ya pili.

Jumamosi saa tisa alasiri alifika akiwa amevaa gauni la rangi ya zambarau na hereni ndogo, kitabu mkononi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili ghorofa ya kwanza, vitabu vya sheria mpaka juu ya kabati la vyombo. Fundi alifungua mlango akiwa na shati jeupe, na kwa mara ya kwanza hakujua aweke wapi mikono.

"Umependeza," alisema.

"Na wewe umeoga. Kumbe wakati mwingine huwa inatokea."

Alicheka, na barafu ikayeyuka kidogo. Dirishani, kwenye kiti cha mikono, aliketi mzee. Alikuwa amekonda, mkono wa kulia umelala mapajani, lakini tai ilikuwa imefungwa na mvi zimechanwa. Karani alipiga goti mbele ya kiti.

"Shikamoo, mzee wangu wakili."

Midomo ilihangaika bila sauti. Kidole cha kushoto kiligonga mara mbili, na macho yakamtazama kwa hofu ya mtu anayesubiri hukumu.

"Nimekuja kubadilisha maoni yangu," alisema. "Niliandika kwamba wakili mkubwa hasahau. Nimekosea. Nilikuwa hatua tano, na sikuona lolote. Leo naona. Mzee, nilikuheshimu kwa mtego ambao hukuutega, na leo nakuheshimu kwa kitu kigumu zaidi."

Chozi moja lilishuka mpaka kwenye tai. Mzee hakugonga. Aligeuza kiganja, na karani akaweka mkono wake humo.

Sura ya mwisho ilikuwa imebaki, kurasa kumi na moja. Karani alisoma yeye, fundi akiwa ameketi sakafuni na rundo la vijilebo vyake, tayari kuandika. Kidole kiligonga mara moja kwa jaji aliyesema sana, mara moja kwa mlinzi aliyeshukuru kupita kiasi. Sentensi ya mwisho ilipokwisha, mzee alikaa amefumba macho, kisha akagonga mara mbili.

"Kadi kumi na mbili amekipenda," alisema fundi. Aliweka kalamu chini. Alimtazama karani kutoka pale sakafuni, na sauti yake ikawa ile ya siku ya kwanza, iliyoshuka ghafla. "Sasa kitabu kimekwisha. Sina tena sababu ya kukuona Jumanne na Alhamisi. Nimetafuta nyingine nikapata moja tu. Nataka nikuone kila siku. Nakuomba unioe... yaani, nikuoe. Hata hili nimelikosea."

Karani alifungua mdomo. Maneno yote aliyowahi kuyapiga chapa yalimkimbia. Alikaa kimya, na kimya kikarefuka, na uso wa fundi ukaanza kushuka.

"Basi," alisema haraka, "kama ni mapema mno, tusahau, mimi nilikuwa..."

Kidole cha mzee kiligonga mara moja, kwa nguvu. Fundi aliacha kusema. Mzee alimgeukia karani, akamtazama kwa jicho lile lile la miaka tisa iliyopita, akamsubiri.

Karani alifuta macho kwa kiganja. Kisha akanyoosha kidole chake chembamba kwenye mkono wa kile kiti, karibu na kidole cha mzee, akagonga mara mbili.